Saa Iliyosimama Ikiwa Imejaa



Wapendwa wasomaji, wakati wa likizo ndefu ya mwaka jana tulitumwa, sisi mafrateri wawili wa mwaka wa pili wa falsafa, kusaidia katika parokia moja ya vijijini. Kazi zetu zilikuwa zile mnazozijua: kufundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, kutembelea wagonjwa, kuongoza ibada vigangoni Jumapili ambazo padre hafiki. Katika kigango kimojawapo tulikabidhiwa kazi ambayo haikuwa kwenye ratiba. Ilikuwa saa ya mfukoni, kuukuu, iliyofungwa ndani ya leso.

Mwenye saa ni katekista mstaafu, mzee wa miaka 84 ambaye macho yake yameingia ukungu. Kijijini kila mtu humwita Babu, nasi tukamwita hivyo hivyo. Saa hiyo aliachiwa na padre mmisionari aliyekuwa anarudi kwao kupumzika uzeeni, Babu akiwa bado kijana. Tangu hapo kengele ya kigango, yaani ringi la lori lililotundikwa kwenye mwembe, ililia kwa kufuata saa hiyo: asubuhi, adhuhuri na jioni kwa sala ya Malaika wa Bwana, na Jumapili kwa ibada. Watoto wa kijiji walijifunza saa kwa Babu. Aliwaambia wasisome pale ncha ya mshale mfupi inapoelekea, bali wasome upande wa mkia wake. Ncha ikiwa kwenye VII, mkia unatazama I, nayo ni saa moja.

"Ilisimama miaka 20 iliyopita," alituambia. "Mafundi wawili wameikataa. Nyinyi mnasoma sana. Hebu iangalieni. Ningependa kuisikia tena kabla sijaondoka."

Tulipaswa kusema kwamba hatujawahi kufungua saa maishani mwetu. Badala yake tulisema, "Usijali Babu, tutaitengeneza." Tulikuwa na miaka 25, tumetoka kufaulu mitihani ya mantiki, na tulidhani kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kinaweza kueleweka na binadamu mwingine mwenye bisibisi.

Tuliporudi seminarini tulianza kujiandaa. Tulinunua mjini bisibisi ndogo za kutengenezea simu, tukatafuta kibano cha kung'olea nyusi, tukaazima kioo cha kukuzia kutoka maktaba. Tulitazama video tatu kwenye simu. Jumamosi moja, baada ya kazi za mikono, tukatandika shuka jeupe juu ya meza chumbani na kuanza.

Mfuniko wa nyuma ulifunguka kwa kisu butu. Ndani yake kulikuwa na mfuniko wa pili wenye maneno ya Kifaransa yaliyochorwa kwa herufi nzuri: Ancre, 15 rubis. Kwa msaada wa kamusi tuligundua kwamba rubis ni vijiwe vya rubi. Ekseli za magurudumu huzunguka ndani ya matundu ya vijiwe hivyo ili zisilike upesi kama ambavyo zingelika ndani ya shaba tupu. Neno ancre lilitushangaza zaidi, kwa maana ni nanga. Tulijiuliza nanga inatafuta nini ndani ya saa, tukakumbuka Waebrania 6:19, ambapo tumaini limefananishwa na nanga ya roho. Tuliliona hilo kuwa ishara njema, tukaendelea.

Mfuniko wa pili ulipofunguka tulinyamaza. Mashine yote ilikuwa pale, ya rangi ya dhahabu iliyofifia, haina hata kipande kilichovunjika. Juu kabisa kulikuwa na magurudumu mawili makubwa yaliyolala, kila moja na skrubu yake. Skrubu ya gurudumu la kwanza ilikataa. Kadiri tulivyoigeuza ndivyo ilivyozidi kukaza. Tukaiacha, tukaenda kwenye ya pili. Hiyo ilitoka bila shida, tukaliinua gurudumu lake kwa kibano.

Trrrrrr!

Mhimili uliokuwa chini ya gurudumu hilo ulizunguka kwa kasi ambayo macho hayakuweza kuifuata. Kitu chembamba kikaruka mbele ya nyuso zetu, kikagonga dirisha au ukuta, wala hatujui mpaka leo. Kisha kimya. Juu ya bamba la shaba kulibaki mkwaruzo mpya unaong'aa.

Baadaye tulielewa tulichofanya. Nguvu ya saa ya aina hii hutoka kwenye utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya kikopo. Unapotia ufunguo, unaukaza utepe huo. Kinachouzuia usifumuke wote kwa mara moja ni kijino kidogo kinachosukumwa na kiwaya chenye urefu wa kama nusu ya kucha. Ule mlio wa krr krr krr unaousikia wakati wa kutia ufunguo ni kijino hicho kikiruka kutoka jino hadi jino la gurudumu. Kanuni ya kwanza ya fundi yeyote ni kwamba, kabla hujagusa skrubu yoyote ya mashine, unaushika ufunguo kwa vidole, unakirudisha nyuma kijino, na kuiachia nguvu yote polepole. Sisi hatukufanya hivyo kwa sababu tuliamini kwamba saa iliyosimama haina nguvu ndani yake.

Hatutasema ni mkono wa nani ulioshika kibano. Tulikuwa wawili, na kosa ni letu sote.

Tulikitafuta kile kiwaya kwa magoti. Tulifagia chumba, tukapitisha sumaku chini ya vitanda, tukakung'uta shuka na viatu. Mtakatifu Antoni wa Padua tulimwomba usiku huo na siku zilizofuata, naye akaona afadhali tuendelee kutafuta. Hatukukipata.

Wiki hiyo hiyo mjukuu wa Babu alitupigia simu. "Babu anawasalimu. Anauliza saa yake inaendeleaje."

Tukajibu, "Mwambie inaendelea vizuri."

Siku nne kabla ya simu hiyo tulikuwa tumekabidhi kazi ya somo la maadili, na mada yake ilikuwa mafundisho ya Mtakatifu Augustino kuhusu uongo. Tulieleza kwa ufasaha kwamba Augustino hakubali uongo wowote, hata ule unaosemwa ili kumsaidia mtu au kumwepusha na maumivu. Kazi ile ilirudi na alama nzuri. Tuliiweka mezani karibu na kikombe kilichofunika vipande vya saa, na kwa wiki tatu hatukuweza kuitazama meza ile bila kuona aibu.

Hatimaye tuliomba ruhusa tukaenda mjini kumtafuta fundi saa. Siku hizi wamebaki wachache, maana simu imechukua kazi ya saa. Tulimpata mzee mmoja wa Kiislamu, kofia kichwani, ameketi nyuma ya sanduku lake la kioo kando ya soko, lenzi imekaa jichoni kama sehemu ya uso wake. Tulimwamkia, tukamweleza kisa chote, tukafungua leso.

Aliitazama mashine kwa muda mrefu. Halafu hakuuliza kuhusu mashine. Aliuliza, "Mwenyewe anajua?"

"Anajua nini, mzee?"

"Kwamba mmeiharibu."

Tulisema bado, kwamba tulitaka kwanza itengenezwe ndipo tumweleze. Akaifunga leso na kuisukuma taratibu kuelekea kwetu. "Wanangu, mimi sishiki saa ya mtu ambaye hajui saa yake iko katika hali gani. Ikifia mkononi mwangu, atajua niliiua mimi. Mpigieni kwanza. Mimi nipo mpaka alasiri."

Tulipiga simu palepale, tukiwa tumesimama juani. Mjukuu akampa Babu. Tulimweleza: tuliifungua bila kujua, kiwaya kimepotea, bamba limekwaruzwa, na wiki tatu zilizopita tuliposema inaendelea vizuri hatukusema kweli. Tulisema pia kwamba ajali ilitokea kwa sababu springi ilikuwa bado imejaa.

Babu alikaa kimya hadi tukadhani simu imekatika. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Imejaa. Ndiyo. Nilijua. Mimi ndiye niliyeijaza mno. Asubuhi ile niliikaza, nikaongeza mzunguko mmoja, nikaiua."

Sauti yake ilikuwa ikisikika, maana Babu huongea kwenye simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Fundi aliyasikia yote. Akanyoosha mkono, tukampa simu.

"Mzee mwenzangu, shikamoo. Mimi ni fundi. Saa haifi kwa kujaa. Ikijaa, ufunguo unagoma tu, basi. Nikuulize: kabla haijasimama, ilikuwa ikichelewa?"

"Ilikuwa ikichelewa. Miezi mingi. Kila jioni nilikuwa nairekebisha kwa taarifa ya habari ya redio."

"Basi ilikuwa inaomba kuoshwa. Mafuta yamekauka ndani yakawa gundi. Nguvu ilikuwamo, njia ilikuwa imeziba. Siyo mkono wako."

Upande wa pili kimya tena. Kisha Babu akasema, "Waambie vijana wasihangaike na mkwaruzo. Waendelee."

Jumamosi tatu, kwa ruhusa ya mlezi wetu, tulikaa pembeni mwa lile sanduku la kioo. Fundi alikataa kutufanyia kazi. Alisema mikono iliyoharibu ndiyo itakayotengeneza, yeye atatazama. Tunaandika hapa machache tuliyojifunza, kwa faida ya yeyote aliyeachiwa saa ya babu yake naye ana vidole vinavyomwasha.

Ile skrubu iliyotukatalia ina nyuzi za kinyume. Katika saa nyingi za mfukoni, gurudumu lililo karibu na ufunguo hufungwa na skrubu inayofunguliwa kwa kugeuza upande ambao nyingine hukaza. Tungeongeza nguvu kidogo tu, tungeikata kichwa. Fundi alisema, "Kitu kikigoma, usiongeze nguvu. Geuza fikra."

Kila kipande kinachotoka hupigwa picha na kuwekwa mahali pake, skrubu na tundu lake, maana skrubu mbili zinazofanana kwa macho huenda hazilingani urefu. Magurudumu tuliyaosha kwa petroli safi ndani ya gilasi ndogo, tukayasugua kwa brashi laini. Nanga haitumbukizwi kwenye spiriti, kwa kuwa vijiwe vyake vimegandishwa kwa gundi ambayo spiriti huiyeyusha. Matundu ya rubi husafishwa kwa kijiti cha meno kilichochongwa ncha: unakiingiza, unakizungusha, kinatoka cheusi, unachonga tena, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Tundu moja lilitugharimu vijiti tisa. Uchafu uliotoka ulikuwa na rangi ya kahawia, mgumu kama utomvu.

Hapo ndipo tulipoijua nanga kwa macho yetu. Utepe wa chuma husukuma magurudumu, na kama yangeachwa yangezunguka yote kwa mara moja, kama tulivyoshuhudia. Nanga ni kipande kidogo chenye mikono miwili kinachokaa mbele ya gurudumu la mwisho lenye meno 15. Mkono mmoja unazuia, mwingine unaachia, jino moja kwa wakati. Anayeipa amri ni gurudumu la mizani, linaloyumba huku na huku kwa springi nyembamba kama unywele, ambayo Christiaan Huygens aliitia kwenye saa yake mwaka 1675. Katika saa kama ya Babu gurudumu hilo huyumba mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde, na kwa siku nzima mara 432,000. Darasani tulijifunza kwamba kwa Aristoteli wakati hauachani na mwendo, ni mwendo unaohesabiwa. Tuliandika hilo kwenye daftari bila kulifikiria. Tulilielewa tukiwa tumeinama juu ya sanduku la fundi, tumeshika pumzi.

Kiwaya kilichopotea hakikupatikana dukani. Fundi alisema anahitaji chuma chembamba chenye mnyumbuko. Tukakumbuka gitaa la kwaya yetu, ambalo waya wake wa kwanza ulikuwa umekatika tangu Pentekoste. Tulimletea kipande cha waya huo. Akakikunja kwa koleo, akakijaribu, akakikunja tena, mara sita au saba, mpaka kikaingia mahali pake na kukisukuma kijino ipasavyo.

Kuunganisha ndiko kulikotutoa jasho. Bamba la juu lazima lishuke wakati ekseli zote zimekaa kwenye matundu yao, nazo ni nyembamba kuliko sindano. Ukikaza skrubu kabla, zinavunjika. Tulijaribu kuanzia saa nane mchana hadi adhana ya alasiri. Fundi akaenda msikitini kuswali, akarudi akatukuta palepale. Hakusema kitu. Alitusogezea kahawa. Tuliponyanyua tena kibano, gurudumu la mwisho likaingia lenyewe, kana kwamba lilikuwa likitusubiri tuache kulilazimisha.

Tukatia mafuta, tone dogo kwenye ncha ya sindano kwa kila tundu linalostahili, kwa sababu mafuta mengi huvuta vumbi na kuirudisha saa ilikotoka. Mwisho kabisa tukarudisha gurudumu la mizani. Tukageuza ufunguo mara tatu: krr, krr, krr. Kabla hatujaondoa mkono, saa ilianza yenyewe.

Hatukupiga kelele. Mmoja wetu alifanya ishara ya msalaba, na fundi akasema, "Alhamdulillahi."

Tulimuuliza malipo. Akasema tumlipie kahawa.

Saa ile haikuwa mpya, nasi hatukujidai kwamba ni mpya. Utepe wake ulikaa umekazwa miaka 20, umechoka, na sasa hauendeshi saa kwa zaidi ya saa 18. Kwa siku hupoteza dakika kama sita. Mkwaruzo wetu upo, na kiwaya cha gitaa hutoa mlio mkali kidogo kuliko ule wa zamani. Yote hayo tulimweleza Babu tulipompelekea wakati wa likizo fupi, kabla hajaishika.

Aliishika. Haoni tena mishale, hivyo aliiweka sikioni. Akakaa nayo muda mrefu. Kisha akatusimulia kitu ambacho hakuwa amekisema siku ya kwanza.

Siku saa iliposimama ilikuwa Jumapili ya masika, wingu zito, jua halikuonekana. Ilikuwa zamu ya padre kufika kigangoni, jambo lililotokea kila baada ya miezi miwili. Babu aliitazama saa, akaona bado mapema, akasubiri. Alipogundua kwamba mishale haisogei, padre alikuwa amekuta kanisa limefungwa, amengoja, kisha ameondoka kuelekea kigango cha mbele. Kijijini kulikuwa na mama mgonjwa aliyekuwa akisubiri Mpako Mtakatifu. Alhamisi yake alifariki.

"Miaka yote nimesema ni mkono wangu," alisema. "Niliikaza kwa pupa, nikafurahia mlio, nikaiua saa, na mama yule akaondoka bila padre. Nimeliungama hilo mara nyingi kuliko dhambi zangu nyingine. Kila nikisamehewa, narudi nyumbani naiona saa, najihukumu upya."

Hatukuwa na la kusema. Vitabu tulivyosoma havikutupa sentensi ya kuweka hapo. Jumapili ile haikurudi, na mama yule hakurudi. Kilichobadilika ni kwamba Babu hakuwa tena amebeba kosa ambalo halikuwa lake. Habari hiyo tulimletea sisi bila kujua thamani yake, na nusura tusimletee kabisa. Kama kile kiwaya kingepatikana chini ya kitanda usiku ule wa kwanza, tungeirudisha saa kimyakimya na kupokea sifa, naye angeendelea kujihukumu mpaka kaburini.

Ndugu mafrateri, wapendwa waamini, hatuandiki haya ili kuonyesha kwamba tumekuwa mafundi saa. Tunaandika kwa sababu tunajiandaa kwa kazi ambayo watu watatufungulia leso zao na kutukabidhi vitu vya thamani vilivyosimama zamani. Tumejifunza kutosema upesi "tutaitengeneza." Tumejifunza pia kuwa waangalifu na mtu tunayemwona amesimama. Tulimdhani hana nguvu ndani yake, kumbe pengine imejaa, na kinachohitajika ni mtu mwenye subira ya kusafisha tundu moja baada ya jingine.

Babu sasa huitia saa ufunguo mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa kuwa mara moja haitoshi. Mjukuu wake huirekebisha kwa simu. Katekista mpya wa kigango ana simu yake na angeweza kugonga ringi bila msaada wa mtu, lakini tumesikia kwamba kila adhuhuri hutuma mtoto kwa Babu kwanza, kuuliza ni saa ngapi.

Yule fundi wa mjini tunamkumbuka katika sala. Nanyi mtuombee.